Chaga ya Nane

Barua ya ajira ilikuwa na jina lako, Somoe,
na muhuri, na cheo, na tarehe ya kuripoti.
Langu halikuwemo hata pembeni.
Mimi nilifunga cherehani kwa kamba ya katani,
nikafungua kitanda alichotupa mjomba Nampoto, skrubu kwa skrubu,
nikasema: Tabora nako watu wanavaa nguo.

Siku tatu njiani kutoka Newala.
Stesheni tukahesabu mizigo kwa tochi ya simu:
ndoo, godoro, mfuko wa korosho za kugawa,
cherehani haijavunjika mguu, alhamdulillahi,
na chaga saba.
Nane zilipanda. Saba zikashuka.
Hatukugombana pale; tuligombana baadaye, Isevya,
kwa sauti ya chini, maana ukuta ni mmoja
na upande wa pili Mama Kashindye, mwenye nyumba,
alikuwa anakohoa kwa adabu.

Pengo likaangukia katikati.
Wewe kulia, mimi kushoto, bonde baina yetu,
na aliyelala fofofo ndiye aliyetumbukia.
Usiku nilinyoosha mkono kutafuta swichi
ukutani mwa nyumba tuliyoiacha;
nikapapasa chandarua, nikapapasa hewa,
nikapapasa uso wako. Ukasema, "Hata mimi."

Asubuhi ukatoka na viatu vyeupe, Kitete inakusubiri.
Mimi nikabaki na jina jipya: bwana wa nesi.
Bwana wa nesi, maji yametoka, kinga ndoo.
Bwana wa nesi, michembe hii, onja;
nikatafuna viazi vikavu kama ulimi wa kiatu
mpaka utamu ukakubali kutoka.
"Mwangaluka," akaniambia Mama Kashindye.
Nikajibu, "Asante, tumeshakula."
Alicheka mpaka mchele ukamwagika ungoni.

Wiki mbili cherehani ilishona vumbi.
Niliiweka kibarazani na kitambaa kimoja chekundu,
kama mtu anayetega ndege
bila kujua kama mji una ndege.
Jioni ulirudi na harufu ya spiriti
na majina ya waliozaliwa: Kulwa na Doto
ndani ya saa moja, na Shija kitanda cha pili.
Wewe mji uliujua kuanzia utosini.
Mimi niliujua kwa daftari la madeni dukani.
Niliona wivu. Sikusema. Nilichuja chai.

Kisha, Jumanne, nikaenda kwa seremala
nyuma ya Kachoma, nimeshika uzi wenye fundo la kipimo.
"Chaga moja?" akasema Kapela. "Ndugu yangu, mimi nauza vitanda."
Nikamtazama goti: linachungulia nje ya suruali
kama mtoto wa jirani.
Hatukutaja fedha.
Alichagua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la mtu,
nami nikachagua uzi wa rangi ya udongo.
Akaranda; nikapiga kiraka.
Alifanya kazi amejifunga kitenge cha mkewe,
watu watatu waliopita wakamcheka,
na mmoja wao akaniuliza
napunguza kiuno kwa bei gani.

Siwezi kusema mji ulitupokea usiku ule.
Umeme ulikatika. Mbu hawakukatika.
Uliinusa kwanza ile mbao nyekundu
ndipo ukaichomeka kati ya saba za mwembe,
na ilikuwa nene kuliko wenzake, nene kidogo tu,
kiasi cha mgongo kuijua.
Wewe unasema irudishwe, irandwe tena.
Mimi nasema ngoja.
Alfajiri nikigeuka, zile saba zinanyamaza,
zimenizoea toka Newala;
hiyo moja inalia,
mwangaluka, mwangaluka,
nami nusu usingizini naiambia
asante, tumeshakula.